Piga Goti, Kocha

Jumamosi usiku, Oktoba 7, 2023, nilikuwa sebuleni hapa Columbus, Ohio, pamoja na mjomba wangu aliyekuja kututembelea kutoka Tanga. Mjomba ni Coastal Union wa damu, mtu wa kandanda tangu utoto, na futiboli ya Kimarekani alikuwa anaiangalia kwa mara ya tatu au ya nne maishani mwake. Kwenye runinga walikuwa Miami na Georgia Tech, timu za vyuo vikuu. Miami walikuwa nyumbani, hawajapoteza mechi hata moja msimu huo, na walikuwa wanaongoza 20 kwa 17. Saa ilikuwa imeingia dakika ya mwisho.

"Mpira ni wa hawa wanaoongoza?" mjomba akaniuliza.

"Ni wao, mjomba."

"Na wale wenzao wanaweza kuisimamisha saa?"

"Hawawezi. Taimu-auti zao zote wameshazimaliza."

"Basi si wakae nao tu? Wanaupeleka wapi?"

Sikupata nafasi ya kumjibu. Saa ikiwa sekunde 33, Miami walianzisha jaribio lao la tatu (timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi 10). Mkimbiaji Donald Chaney Jr. akakabidhiwa mpira, akajitosa katikati ya walinzi, na mpira ukachomoka. Georgia Tech wakauokota kwenye yadi ya 26 ya upande wao, saa ikisoma sekunde 26. Waamuzi wakapitia video kuangalia kama Chaney alikuwa ameshagusa chini kabla mpira haujamtoka. Uamuzi ukabaki ule ule. Haynes King wa Georgia Tech akarusha pasi ya yadi 30 kwa Malik Rutherford. Kisha akarusha nyingine ya yadi 44 kwa Christian Leary, aliyekuwa amewapita walinzi wote. Alipoingia eneo la kufungia, ubaoni ilikuwa imebaki sekunde 1. Georgia Tech 23, Miami 20.

Mjomba hakuijua hata sheria moja ya mchezo ule kikamilifu, lakini swali lake ndilo ambalo benchi zima la ufundi la Miami lilipaswa kujiuliza. Wanaupeleka wapi?

Niwaeleze wasomaji wangu wa kandanda jinsi saa ya futiboli inavyofanya kazi, maana bila hapo uchungu wa usiku ule hauonekani. Katika kandanda, saa ni mali ya mwamuzi. Kipa akilala chini, mpiga kona akijifunga kamba za viatu, sisi tunapiga kelele tu; dakika za nyongeza anazijua yeye. Katika futiboli, saa iko ubaoni mbele ya macho ya watu wote, na timu zote mbili zina mkono juu yake. Kuna saa kubwa ya dakika 60, iliyogawanywa robo nne za dakika 15. Kuna saa ndogo ya sekunde 40, ambayo inaanza kuhesabu kila jaribio linapokwisha. Timu yenye mpira lazima ianzishe jaribio jingine kabla haijafika sifuri. Mkimbiaji akiangushwa ndani ya uwanja, saa kubwa inaendelea kutembea. Pasi ikianguka chini bila kudakwa, inasimama. Na kila timu inapewa taimu-auti tatu kwa kila nusu ya mchezo, tatu tu, za kuisimamisha inapotaka.

Sasa weka hayo pamoja. Timu inayoongoza ina mpira, na wapinzani hawana taimu-auti. Kwotabeki, yule kijana anayeongoza mashambulizi, anapokea mpira, anarudi nyuma hatua moja, anaweka goti chini. Jaribio limekufa. Sekunde mbili zimetumika. Saa kubwa inaendelea, na saa ndogo inampa sekunde 40 za kusimama bila kufanya lolote. Akipiga goti mara tatu mfululizo, kama dakika mbili zimeyeyuka na hakuna mtu aliyemgusa. Kwa Miami haikuhitajika hata mara tatu. Goti moja tu: sekunde 33 zinakuwa 31, saa ndogo inaanza 40, na 31 ni ndogo kuliko 40. Mechi imekwisha, watu wanapeana mikono.

Hii ni hesabu ya darasa la pili. Ndiyo maana nakataa pale watangazaji wanapoita jambo kama hili kosa la hesabu. Kocha Mario Cristobal anajua kutoa. Alicheza futiboli Miami hiyo hiyo, akatwaa ubingwa wa taifa akiwa mchezaji, na amefundisha kwa miongo. Baada ya mechi alikiri mwenyewe kwamba walipaswa kupiga goti. Swali langu ni kwa nini jambo ambalo kila mtu uwanjani analijua halikufanyika.

Tena halikuwa geni kwake. Septemba 22, 2018, akiwa kocha wa Oregon, timu yake ilikuwa mbele ya Stanford kwa 31 kwa 28, na dakika ya mwisho ilikuwa imeshaingia. Akampa mpira mkimbiaji wake CJ Verdell. Mpira ukachomoka. Stanford wakasawazisha kwa teke la pointi tatu, wakashinda 38 kwa 31 katika muda wa nyongeza. Mazingira ya saa siku ile hayakuwa mepesi kama ya Miami, hilo nalikubali. Lakini mtu akishaumwa na nyoka hata unyasi humshtua, na mimi niliyemwangalia Cristobal usiku ule wa 2023 sikuona mshtuko wowote. Timu ilirudi kwenye mstari kama vile ni robo ya kwanza.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha jambo. Katika zile sekunde 33, sidhani kama kuna mtu aliyeamua kukimbia na mpira. Kukimbia ndicho kilichokuwa kinafanyika tayari, kikaendelea kufanyika. Kocha wa mashambulizi ana karatasi yenye safu ya mbinu za kumalizia mechi, na safu ile imejaa mikimbio ya katikati. Kwotabeki anatazama pembeni, anapewa ishara, anaipeleka. Wachezaji 11 wanajipanga. Hakuna hatua hata moja katika mlolongo huo ambapo mtu analazimika kusimama na kusema: subirini, huu mchezo si umekwisha? Mazoea yameamua kwa niaba ya watu wazima wanaolipwa mamilioni ya dola.

Futiboli yenyewe ilishajifunza somo hili kwa uchungu zamani. Novemba 19, 1978, katika ligi ya kulipwa, New York Giants walikuwa wanaongoza 17 kwa 12 dhidi ya Philadelphia Eagles, mpira ni wao, sekunde chache zimebaki, na Eagles hawana taimu-auti. Wakaamua kukabidhiana mpira. Kwotabeki Joe Pisarcik na mkimbiaji Larry Csonka wakapishana, mpira ukadunda chini, Herman Edwards wa Eagles akaudaka na kukimbia nao hadi eneo la kufungia. Eagles 19, Giants 17. Kocha wa mashambulizi wa Giants alifukuzwa kesho yake. Baada ya siku ile timu zilianza kuwa na mpangilio maalumu wa kupiga goti, wachezaji wamebanana kumzunguka kwotabeki, na mmoja amewekwa nyuma kabisa wa kuokoa mambo yakiharibika. Tangu jioni ile hadi usiku wa Miami ni miaka 45.

Wapo wanaomtetea kocha. Wanasema mkimbiaji wa ngazi ya juu hadondoshi mpira ovyo, kwamba ni bahati mbaya inayotokea mara moja kwa nadra. Nimewasikiliza, na naona wanapima upande mmoja tu wa mizani. Ukijihatarisha lazima uwe unatafuta kitu. Jaribio la nne, kwenye yadi ya 50, umebakiza yadi moja, ukiamua kwenda nalo unahatarisha mpira ili ubaki na mpira. Hapo pana biashara. Miami walikuwa wanatafuta nini? Yadi tatu? Pointi za ziada katika mechi iliyokwisha? Faida ilikuwa sifuri kamili. Hata hatari iwe ndogo kama punje ya mtama, ukiilinganisha na sifuri ni kubwa.

Na kuna jambo linalonikera zaidi ya matokeo. Katika kumbukumbu za mchezo, kwenye mstari wa kudondosha mpira, limeandikwa jina la Chaney. Halikuandikwa la kocha. Huyu ni kijana ambaye majeraha yalikuwa yamemla sehemu kubwa ya misimu miwili iliyotangulia, akarudi, akapewa mpira katika sekunde ambayo hakuna mtu aliyepaswa kupewa mpira. Kamera ilimfuata alipokuwa anatoka uwanjani. Futiboli ya vyuo inachezwa na vijana wa miaka 18 hadi 22 au 23, wengi wao bado wanaandika mitihani ya katikati ya muhula. Mtu mzima akishindwa kuamua, deni analipa kijana, na analilipa mbele ya mamilioni ya watazamaji. Hili ndilo linalonifanya niandike makala hii, kuliko hata jedwali la msimamo.

Wiki mbili kabla ya usiku ule, Septemba 23, mji wangu ulikuwa upande wa furaha wa jambo kama hilo. Ohio State walikwenda South Bend, Indiana, kucheza na Notre Dame. Notre Dame walikuwa mbele 14 kwa 10. Sekunde 7 zimebaki, Ohio State wako yadi moja kutoka kwenye mstari. Jaribio la kwanza, pasi ikaanguka. Zikabaki sekunde 3. Jaribio la pili, Chip Trayanum akajisukuma ndani, sekunde 1 imebaki, Ohio State wakashinda 17 kwa 14. Mtaa wetu ulilipuka kwa kelele na honi. Kisha picha zikaanza kuonyeshwa tena taratibu, na ukiwahesabu walinzi wa Notre Dame unapata kumi. Sheria inaruhusu 11. Majaribio yote mawili, walikuwa kumi.

Ukitaka kuona jinsi uamuzi wa benchi unavyohitaji kuwa umeshapikwa kabla ya siku yenyewe, tazama mlango uliokuwa wazi kwa Notre Dame pale. Walikuwa hawana taimu-auti. Kumuingiza mchezaji wa 11 kwa kuchelewa kungeweza kuleta adhabu, na inaonekana hilo ndilo lililowatia woga. Lakini mpira uko yadi moja! Adhabu ya kuvuka mstari mapema hapo ni nusu ya umbali uliobaki, yaani nusu yadi, na jaribio linarudiwa. Ungelipa nusu yadi kununua mtu mzima wa kilo zaidi ya mia. Kijana yeyote wa safu ya mbele angeweza kuambiwa avuke mstari kwa makusudi, filimbi ilie, mwenzake aingie. Ni biashara nzuri kupita zote zilizokuwapo uwanjani usiku ule, na haikufanyika kwa sababu haikuwa imefikiriwa Jumanne. Jumamosi usiku, mbele ya watu zaidi ya elfu sabini wanaopiga kelele, hakuna anayeweza kuibuni ndani ya sekunde kumi. Kocha Marcus Freeman aliwajibika hadharani, hakumtupia mchezaji lawama. Nilimheshimu kwa hilo.

Sekunde moja nayo ni kitu kirefu katika mchezo huu. Kocha Les Miles aliipa LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana, ubingwa wa taifa wa msimu wa 2007, lakini ukimtaja kwa watu wa Louisiana watakukumbusha saa. Novemba 21, 2009, dhidi ya Ole Miss, LSU walikuwa nyuma kwa pointi mbili, 25 kwa 23, ambapo teke moja la pointi tatu lilitosha kuwapa ushindi. Waliacha sekunde zikatiririka kabla ya kuita taimu-auti. Kwenye jaribio la nne, wakihitaji yadi 26, wakafanya muujiza: pasi ndefu kwa Terrance Toliver, karibu kabisa na mstari, sekunde 1 imebaki. Saa ilisimama kwa muda mfupi ili waamuzi wasogeze alama za jaribio jipya. Ulikuwa wakati wa kikosi cha teke kukimbia kuingia. Badala yake kwotabeki akajipanga kuubamiza mpira chini ili asimamishe saa, kitendo ambacho kinakula zaidi ya ile sekunde moja. Mechi ikaishia hapo.

Mwaka 2013 chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kiliweka jambo hilo kwenye maandishi: ili uruhusiwe kuubamiza mpira chini na kubakiwa na muda, saa lazima iwe na sekunde 3 au zaidi. Zikiwa 2 au 1, una nafasi ya jaribio moja tu, basi. Sheria ikawa wazi. Hata hivyo Septemba 24, 2016, Miles yule yule, dhidi ya Auburn, akiwa nyuma 18 kwa 13, alishuhudia vijana wake wakirusha pasi ya ushindi kwa DJ Chark huku saa ikiyoyoma. Uwanja wa Auburn ulinyamaza. Video ikaonyesha mpira ulianzishwa baada ya saa kufika sifuri. Pointi zikafutwa. Kesho yake LSU wakamfukuza kazi.

Tofauti na hiyo ni ile ya kocha Nick Saban, Novemba 30, 2013, Alabama wakiwa nambari moja nchini, sare ya 28 kwa 28 dhidi ya Auburn. Saa ilikuwa imeisha. Saban akawadai waamuzi wairudishe sekunde 1, wakapitia video, wakamrudishia. Akaitumia kwa teke la yadi 57. Mpira haukufika; Chris Davis wa Auburn aliyesimama chini ya nguzo akaudaka, akakimbia uwanja mzima hadi upande wa pili, 34 kwa 28. Watu wengi wanasema Saban aliponzwa na tamaa ya sekunde. Mimi sioni hivyo. Kuidai sekunde ile ilikuwa haki yake na kazi yake. Kilichomponza ni watu waliokuwa uwanjani. Kikosi cha teke ni cha wanaume wazito wa kukinga, si cha wakimbiaji; ukipiga kutoka yadi 57 lazima ufikirie kwamba mpira unaweza kurudi, na uweke miguu ya kuufukuza. Ile sekunde aliihesabu hadi mpira unapopigwa. Baada ya hapo hakuihesabu.

Kuna makocha wanaoisoma sheria ya saa kama wakili anavyosoma mkataba, na hao nao wana mambo ya kujadiliwa. Mwaka 2006, NCAA walijaribu kufupisha mechi kwa kuamuru saa ianze kutembea mara tu mpira wa kuanzia unapopigwa. Novemba 4 mwaka huo, Bret Bielema wa Wisconsin, akicheza na Penn State, aligundua tundu. Zikiwa zimebaki sekunde chache kabla ya mapumziko, aliwaamuru vijana wake wavuke mstari kwa makusudi kwenye teke la kuanzia. Adhabu inakuja, teke linarudiwa, lakini sekunde zilizotumika hazirudi. Akarudia tena. Kocha Joe Paterno alifoka pembeni mwa uwanja. Sheria ile iliondolewa baada ya msimu mmoja tu.

Miaka 18 baadaye, Oktoba 12, 2024, mwathirika akawa Ohio State yetu. Tulikuwa Eugene, Oregon, nyuma 32 kwa 31, sekunde 10 zimebaki, tunahitaji yadi chache ili mpiga teke awe na nafasi. Oregon wakaingiza walinzi 12. Pasi ikaanguka, sekunde 4 zikapotea, adhabu yadi 5. Yadi 5 tulizopewa hazikutufikisha popote; sekunde 4 zilizochukuliwa ndizo zilizokuwa na thamani. Jaribio lililofuata, kwotabeki wetu Will Howard alikimbia, akateleza chini ili tuite taimu-auti, na saa ilikuwa imeshafika sifuri. Kocha Dan Lanning wa Oregon, alipoulizwa baadaye, aliashiria kwamba ni jambo walilolifanyia kazi mazoezini. Siku chache baadaye NCAA wakatoa tafsiri mpya: kosa kama hilo likitokea mwishoni mwa nusu, timu iliyokosewa inaweza kuchagua kurudishiwa muda wake.

Niliumia usiku ule, sitaficha. Rafiki zangu wengi hapa walimuita Lanning mwizi. Baada ya kutulia nilijikuta nikiwa na msimamo mwingine. Kosa lilikuwa la waliotunga sheria ambayo mvunjaji anafaidika nayo, nao wameirekebisha. Lanning alifanya kile ambacho Cristobal na Freeman hawakukifanya mwaka uliotangulia: alijiandaa na watu wake mazoezini kabla, akauliza "ikitokea hivi tufanye nini?", akaandika jibu. Laiti akili hiyo hiyo ingetumika kwenye jambo rahisi kama kupiga goti.

Makocha hujitetea kwa uhaba wa muda. NCAA inaruhusu saa 20 tu za shughuli za timu kwa wiki wakati wa msimu, na ndani yake kuna mazoezi ya viungo, video, mbinu za ulinzi, mbinu za mashambulizi, mateke. Naielewa hoja hiyo. Lakini kupiga goti hakuhitaji helmeti wala nguo za kujikinga. Kunahitaji dakika kumi za Alhamisi, timu ikitembea taratibu, kocha akisoma kwa sauti: "Dakika 1 na sekunde 40, tunaongoza kwa 3, wao wana taimu-auti moja, jaribio la kwanza. Nani anasema?" Na kwotabeki anajibu. "Sekunde 9, hatuna taimu-auti, mkimbiaji ameangushwa katikati ya uwanja." Kikosi cha teke kinakimbia kuingia bila kungoja kuitwa. Vijana hawa wanakariri mbinu mia moja zenye majina marefu kuliko ubeti wa utenzi; hawawezi kushindwa kukariri hali ishirini za saa.

Pia vifaa vipo sasa. Tangu 2024, katika ngazi ya juu ya vyuo, mchezaji mmoja wa kila upande anaruhusiwa kuwa na kifaa cha kusikilizia ndani ya helmeti, na benchi linaweza kuzungumza naye mpaka saa ndogo ifike sekunde 15. Zamani kocha alikuwa anapunga mikono na mabango yenye picha kutoka pembeni. Leo anaweza kusema neno moja sikioni mwa kijana. Msimu huo huo iliwekwa pia taimu-auti ya lazima zikibaki dakika 2 kwenye kila nusu. Hapo timu zote zinasimama, zinakunywa maji. Sioni kisingizio cha kocha kutoka kwenye kituo hicho bila kujua magoti mangapi yanatosha.

Lakini nani aseme? Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wanaotaka kocha mkuu awe mwerevu zaidi. Kocha mkuu zikibaki sekunde 40 ana waamuzi wa kubishana nao, mchezaji anayechechemea, sauti nne kwenye vifaa vya masikioni, na moyo unaodunda. Kumtaka awe pia mhasibu ni kumtwika mzigo wa mtu mwingine. Timu nyingi zina mtu juu kwenye chumba cha vioo mwenye karatasi ya hesabu hizi. Tatizo ni kwamba mtu huyo mara nyingi ni kijana wa chini kabisa katika orodha ya mishahara, na anachosema kinachukuliwa kama ushauri. Mimi ningempa amri. Akisema "goti", basi ni goti; kocha wa mashambulizi haulizwi, na kocha mkuu akitaka kulipinga alipinge yeye kwa mdomo wake, kwa jina lake, kabla mpira haujaanzishwa. Angalau hapo patakuwa na mtu aliyeamua.

Sisemi kila mara jibu ni kutulia. Desemba 31, 2022, dhidi ya Georgia, Ohio State walikuwa nyuma 42 kwa 41. Kwotabeki CJ Stroud alikimbia yadi 27 akatufikisha yadi ya 31 ya Georgia, sekunde 24 zimebaki. Pale palihitaji kusonga mbele ili mpiga teke asogezewe nguzo. Jaribio lililofuata tukakimbia katikati, tukapoteza yadi moja. Pasi mbili zilizofuata hazikudakwa. Noah Ruggles akaachiwa teke la yadi 50, mwaka ukibadilika, na mpira ukaenda kushoto, mbali na nguzo. Kocha aliyebana wakati wa kufungua ana kosa sawa na aliyefungua wakati wa kubana, na pale vilevile jina lililobaki midomoni mwa watu ni la kijana aliyepiga.

Lakini picha inayonirudia zaidi ni ya Januari 1, 2024, New Orleans, nusu fainali ya ubingwa. Washington walikuwa mbele ya Texas, 37 kwa 31. Mpira ni wao, dakika ya mwisho, Texas wamemaliza taimu-auti. Washington wangepiga goti kwenye jaribio la tatu, saa ingekula karibu kila kitu, wangeondosha mpira kwa teke na kuwaachia Texas sekunde chache mno. Wakampa mpira mkimbiaji Dillon Johnson, ambaye alikuwa tegemeo lao la mbio msimu ule. Safari hii mpira haukuchomoka. Kilichoumia ni mguu wake. Sheria inasema mchezaji akiumia saa isimamishwe, na ikasimamishwa, ikawapa Texas zile sekunde ambazo hawakuwa na njia nyingine ya kuzipata. Walizitumia kusogea hadi karibu na eneo la kufungia, na pasi yao ya mwisho ilipanguliwa ndani ya eneo la kufungia. Washington walishinda, kwa hiyo hakuna aliyefukuzwa na hakuna aliyeombwa maelezo marefu.

Wiki iliyofuata Johnson aliingia kwenye fainali dhidi ya Michigan akiwa na mguu ule ule. Nilimuona mwanzoni kabisa mwa mechi akijaribu kuinuka baada ya kuangushwa, akiuegemeza mwili upande mmoja, huku wenzake wakimshika mkono wasimwachie.